Hosea Lendore na Miguu Isiyokauka

Tanti Ianthe, shangazi wa kijiji kizima, alinijia Jumatatu asubuhi, nikiwa nachanganya zege la kaburi la mtu mwingine. Alisimama kwenye kivuli cha ukuta wangu, mwavuli wake umefungwa, akanitazama mpaka nikaweka koleo chini.

"Cosnel," akasema, "nataka jiwe."

"La nani, Tanti?"

"La babu yangu Hosea."

"Alikufa lini?"

"Hilo ndilo sijui."

"Alifia wapi?"

"Hilo nalo sijui."

"Basi niandike nini? Jina lake na hali ya hewa?"

"Mwashi ni wewe. Mimi mtu akiniletea kitambaa simwulizi pamba ililimwa wapi. Namshonea."

Nikamwambia siwezi. Akafungua mwavuli wake taratibu, akaondoka bila kuaga, na kwa Tanti Ianthe hiyo ni sawa na kunitukana mbele ya watu.

Mimi ndiye ninayeandika mawe ya makaburi upande huu wa kisiwa chetu cha Carriacou, mwaka wa thelathini na nne sasa. Namimina zege kwenye fremu, nalisubiri lianze kushika, halafu naandika herufi kwa msumari. Nina dakika arobaini hivi. Zikipita hizo, ulichoandika ndicho kilichoandikwa. Nasema haya ili ijulikane kwamba haukuwa ukaidi mtupu, ingawa mke wangu atawaambia ulikuwa ukaidi mtupu.

Sababu ni Norris Bethel. Mwaka 1989 watoto wake walinijia wakilia kwamba baba yao, baharia, amezama na meli upande wa Venezuela. Nikaandika jiwe. Sadaka ya jiwe ikafanywa, mbuzi watatu wakaliwa, ngoma zikapigwa mpaka wapigaji wakavimba viganja. Baada ya miezi saba Norris akashuka kutoka kwenye boti ya barua, amenenepa, akaenda moja kwa moja makaburini kujisoma. Kisha akaja kwangu. Hakukasirika kwa kufanywa maiti. Alikasirika kwa sababu nilimzidishia miaka miwili. Alipokuja kufa kweli, miaka tisa baadaye, watoto wake wakasema jiwe si lipo, la nini jingine. Mpaka leo tarehe zote mbili pale juu ni za uongo, mwandiko ni wangu, na napita hapo kila siku nikienda kununua mkate.

Ndiyo maana naulizia tarehe.

Lakini kumkatalia Ianthe Lendore kulinikaa vibaya. Hakuna mtu wa umri wangu hapa L'Esterre ambaye hakwenda shule na sare aliyoishona yeye. Ametushonea sare, akatushonea mashati ya komunyo, akawashonea wake zetu magauni ya harusi, na wazazi wetu nguo za kuzikiwa. Mwenyewe hakuolewa. Alichumbiwa mara mbili, na mara zote mbili, anavyosema, bwana harusi aliomba kwanza asafiri kidogo. Mmoja akaenda Aruba, mwingine Uingereza. Wanaume wa kisiwa hiki wamekuwa wakisafiri kidogo tangu enzi za babu zao, na wanawake ndio waliobaki kuuliza boti ya leo imeleta nini.

Yeye alilelewa na bibi yake, Delphine, mke wa huyo Hosea. Alikuwa na miaka themanini na sita siku aliponijia. Daktari wa Hillsborough alikuwa amemwambia moyo wake umechoka. Yeye akamjibu kwamba haujachoka, unasubiri.

Na alichosubiri kila mtu alikijua. Huku kwetu mtu akishazikwa bado hajamaliza. Anamaliza siku jiwe lake linapowekwa, watu wakala, ngoma ikamwita kwa jina la taifa la asili la baba yake. Mpaka siku hiyo yuko njiani tu, ana baridi, ana njaa, anawaingilia watu ndotoni kuomba hiki na kile. Mtoto wa kwanza wa Hosea, baba yake Ianthe, alishawekewa jiwe. Wa pili pia. Delphine mwenyewe ana jiwe zuri tangu 1953. Hosea peke yake ndiye aliyekuwa bado anazurura, na katika wajukuu alibaki Ianthe tu. Akifa yeye, hakuna wa kumdai mtu yeyote jiwe hilo.

Jumatano nikaenda kwake kuomba radhi. Alikuwa mlangoni anafumua mshono wa suruali kwa wembe wake wa kukunja, ule wenye mpini wa mfupa ambao hautoki mfukoni mwa aproni yake. Hakuinua macho.

"Umeleta jiwe?"

"Nimeleta masikio. Niambie unachokijua, Tanti, chote. Tukipata tarehe, nitaandika hata leo."

Basi akanieleza. Hosea aliondoka mwaka 1911 kwenda Panama kuchimba mfereji, akamwacha Delphine na mtoto wa miaka mitatu na mwingine wa kunyonya. Barua zilikuja kutoka Colón, kisha zikapungua, kisha zikakatika. Baadaye mtu mmoja aliyerudi kutoka huko alisema matangani kwamba alimwona Hosea amevaa kaki, yuko kwenye foleni ya watu wanaopanda meli kwenda vitani. Lakini mtu huyo alikuwa mlevi, na habari yake ikaishia palepale matangani.

"Halafu kuna ndoto ya Bibi," akasema.

Ndoto hiyo naijua, sote tunaijua. Juni ya 1918, wiki ya mvua za kwanza, Delphine aliamka akawaambia watu kwamba Hosea amemjia usiku. Alisimama mlangoni, maji yanamchuruzika, akasema: Delphine, miguu yangu haikauki. Basi. Watu wakatazamana. Mume yuko ughaibuni, anatoka maji, miguu haikauki. Hilo halikuhitaji mtaalamu. Wakasema amezama baharini akirejea nyumbani. Mtu wa baharini hapikiwi mezani, chakula chake hupelekwa ufukweni. Kwa hiyo kila Juni Delphine alipika ugali na kuku, bila chumvi maana wafu hawali chumvi, akaenda kuyamwagia mawimbi. Alipozeeka alimtuma Ianthe. Alipokufa, Ianthe akaendelea.

"Miaka mingapi, Tanti?"

"Nilianza nikiwa na miaka saba. Hesabu mwenyewe."

"Na jiwe? Kwa nini Bibi hakumwekea hata jiwe la mtu wa baharini?"

"Nilimwuliza. Alisema, 'Sina haraka naye.'"

Tatizo la pili lilikuwa Lambert. Lambert Lendore ni mjukuu wa kaka yake Hosea, baharia mstaafu, mtu wa miaka sabini na mbili mwenye mikono ya kunyanyulia nanga. Jiwe letu hubebwa kwanza na mwanamume wa damu, ndipo wengine wanapopokezana, na katika damu hiyo mwanamume mwenye mgongo mzima kisiwani alikuwa yeye tu. Na Lambert alikuwa amekataa. Upande wa kwao walisimuliana kwamba Hosea hakuzama wala hakwenda vitani. Alipata mwanamke Colón, akanogewa.

"Mimi nimebeba mawe kumi na moja," aliniambia nilipomwendea. "Nimebeba la mjomba aliyeniibia boti. Sikusema kitu. Ila mtu aliyeacha mke na watoto wakila majani ya viazi, huyo abebwe na huyo mwanamke wake."

"Na kama alifia vitani?"

"Nionyeshe."

"Na Tanti amelisha bahari miaka yote hiyo?"

"Amelisha samaki. Ndiyo maana wa upande ule ni wanene."

Nikaona kwamba dawa ya wote wawili ni moja, karatasi. Nina binti, Shermaine, anaendesha basi Huddersfield, mji wa Uingereza ambao nusu ya watu wetu wamehamia. Nikampigia nikamweleza. Nilidhani atasema hana nafasi. Kumbe Jumatano ndiyo siku yake ya mapumziko, na mwenyewe anasema amechoka kuitumia kufua. Mwezi wa kwanza hakupata kitu. Aliniambia kwamba karatasi nyingi za wanajeshi wa vita vile ziliungua katika vita vilivyofuata, na zilizopona zina kingo nyeusi. Mwezi wa pili akapata Walendore wawili, mmoja ni wa Trinidad, mwingine hakufa. Mwezi wa tatu, nikiwa juu ya ngazi napaka chokaa, simu ikalia mfukoni.

"Baba, shuka chini," akasema.

"Sema tu."

"Shuka kwanza. Nakujua."

Nikashuka. Akanitumia picha ya ukurasa mmoja. Lendore, Hosea. Mzaliwa wa Carriacou. Kazi, kibarua wa mfereji. Ameandikishwa Colón mwaka 1917 katika kikosi cha watu wa visiwa vyetu, namba 11963. Amefariki kwa ugonjwa wa mapafu, hospitali ya kambi, Taranto, Italia, tarehe 11 Februari 1918. Nilikaa juu ya ndoo ya chokaa nikausoma mara tatu.

Nilikwenda kwa Tanti mbio, chokaa mikononi. Akaweka miwani, akaishika simu kwa ncha za vidole kama inayochafua nguo.

"Nisomee polepole."

Nikamsomea. Tulipofika kwenye urefu na kifua, maana jeshi lilikuwa limempima, akaninyamazisha.

"Rudia hapo."

"Futi tano na inchi nane. Kifua, inchi thelathini na nne."

Akainuka bila neno, akatoa karatasi ya kukatia vielelezo, chaki na futi ya kamba. Alichora mgongo, akachora mabega, akachora mikono, akakata. Kisha akakiinua kile kielelezo cha shati dhidi ya mwanga wa dirishani, kwa mikono yote miwili. Hosea hakuwahi kupigwa picha ambayo familia iliiona. Hakuna aliyejua alikuwaje.

"Alikuwa mwembamba," akasema. "Sikuzote nimemfikiria mtu mnene."

Alikaa nacho muda mrefu. Maswali yakaanza. Italia mwezi wa pili kuna baridi kiasi gani? Hao askari walifanya kazi gani? Walilala wapi? Nikampigia Shermaine palepale, naye akasema alivyosoma ni kwamba walikuwa wakipakia na kupakua meli, na walilala mahemani kwenye tope.

"Kwenye tope," Tanti akarudia. "Miguu haikauki." Akanigeukia. "Unaona, Cosnel? Bibi hakukosea. Ndoto ilikuwa ya kweli. Ni sisi tuliofasiri vibaya. Hakuwa na maji ya bahari, alikuwa na maji ya mvua."

Alifurahi kiasi kwamba niliogopa kumsomea mstari wa chini. Lakini nina kawaida yangu na maandishi, siachi kitu.

"Kuna mstari mmoja bado, Tanti. Mtu wa kuarifiwa."

"Soma."

"Albertina Noel. Barabara ya Tano, Colón. Uhusiano, dada."

Akavua miwani.

"Babu hakuwa na dada," akasema.

Lambert aliposikia, na katika kijiji chetu alisikia kabla sijafika nyumbani, alikuja uani kwangu kwa mwendo wa mtu aliyeshinda uchaguzi.

"Dada, eh? Baba yao alizaa wawili tu, Hosea na babu yangu. Huyo dada alidondoka wapi?"

"Ila alikufa vitani, Lambert. Hilo ulisema nikuonyeshe."

"Alikufa vitani akiwa na mwanamke. Mke yuko hapa anakula majani ya viazi, yeye anaandika jina la mwingine. Umwambie dada Ianthe namheshimu. Sibebi."

Nilidhani Tanti atakata tamaa. Sikumjua vizuri. Alinipigia kesho yake alfajiri, hata kahawa sijanywa.

"Mwambie mwanao atafute zaidi."

"Tarehe tumepata, Tanti. Jiwe naweza kuliandika."

"Nani kazungumzia jiwe? Nataka kumjua huyu Albertina."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba udadisi ulikuwa umemshika barabara. Alikuwa anasimamisha watu njiani kuuliza nani alikuwa na ndugu Colón. Alitengeneza orodha ya mambo anayotaka kujua juu ya Albertina na kuniagiza niipeleke Huddersfield: mrefu au mfupi, mtu wa wapi, alikuwa na watoto, alipika nini. Mshono usiojulikana umeshonwaje lazima aufumue aone, yuko hivyo tangu zamani. Nadhani alikuwa pia na hofu. Hofu yake ilikuwa mtoto: kwamba huko Panama kuna watu wanaomwita Hosea babu kwa haki kuliko yeye.

Wiki tatu zilipita. Halafu Shermaine akatuma kurasa mbili, kingo zimeungua, mwandiko wa mkono, umenyooka na kubana. Ilikuwa barua ya Albertina Noel kwa ofisi ya jeshi, Septemba 1918. Nilimsomea Tanti mezani kwake, na kwa kuwa tangu siku ile nimeisoma mara nyingi, naweza kuisema karibu yote:

"Mheshimiwa, nimepata karatasi yenu na pole zenu. Mimi si dada yake. Aliandika hivyo kwa sababu mlimtaka aandike mtu, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama pale. Nilimpikia na kumfulia miaka minne. Mtoto hatukupata. Ana mke, Delphine Lendore, L'Esterre, Carriacou, na watoto wawili. Mwezi wa tano nilimwandikia nikamweleza yote, kwamba aliugua mapafu, na kwamba rafiki yake wa kambini alinihadithia jinsi mvua ilivyokuwa haikatiki na jinsi alivyolalamika kila siku kwamba miguu yake haikauki. Mwezi wa saba nikapata majibu yake, yameandikwa na mwalimu wa shule. Amesema amesikia. Basi vitu vyake na nishani mpelekeeni yeye, msilete kwangu. Sina haki navyo. Ila kama kuna picha, naomba hiyo."

Nilipomaliza, nje kulikuwa na kuku wanapigana na mtu anawafukuza. Nikaanza kumwambia Tanti kwamba angalau hakuna mtoto. Akainua mkono.

"Mwezi gani alimwandikia Bibi?"

"Wa tano."

"Na Bibi aliota mwezi gani?"

Nikahesabu kwa vidole. Wa sita.

"Hakuota," akasema Tanti Ianthe.

Alikasirika sana. Sijawahi kumwona vile, mwanamke yule asiyepaza sauti hata mteja akikataa nguo. Alisema bibi yake alimdanganya. Alisema tangu umri wa miaka saba amekuwa akishuka ule mteremko na sahani, mvua inyeshe jua liwake, anaongea na bahari, anamwambia Babu ale, na Bibi amekaa pale barazani anajua fika kwamba hakuna mtu ndani ya maji yale. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Kisha akatia mkono mfukoni kutafuta kitambaa, akatoa wembe.

Tuliutazama wote wawili. Nimeshaona wembe huo mara elfu. Ukingoni mwa mpini, chini ya weusi wa miaka, kuna mikwaruzo ambayo nilidhani ni mikwaruzo tu.

"Tanti, nipe."

Nilisugua kwa kidole chenye mate, halafu kwa pindo la shati langu. Kazi yangu ni kusoma na kuandika vitu vilivyochorwa kwa ncha ya chuma. Moja. Moja. Tisa. Sita ilikuwa imelika nusu. Tatu. Namba ya Hosea ya jeshi.

"Bibi alisema kautoa wapi?" nikamwuliza.

"Hakusema. Ulikuwepo tu. Kila nguo iliyofumuliwa katika nyumba hii ilifumuliwa na huu." Akauchukua, akaupindua. "Vitu vilimfikia. Alivipokea. Nishani sijui aliipeleka wapi, pengine aliitupa baharini na ugali. Wembe akaona una kazi."

Akacheka, bado machozi yakiwa usoni. Na baada ya hapo alizungumza kwa sauti nyingine, ile ya kawaida, kama anayenieleza kola inavyogeuzwa.

"Unajua kwa nini alifanya hivyo? Wewe ni mwanamume, hujui. Fikiria. Mume wako miaka saba hujamwona. Siku moja mwalimu anakusomea kwamba amekufa, na mkono uliokuandikia ni wa mwanamke aliyekuwa anamfulia nguo. Sasa utoke uwaambie watu wa L'Esterre? Usimame mbele ya bibi yake Lambert, mdomo ule, useme nimeletewa habari na huyo? Bibi akaona heri Babu aje mwenyewe. Akamleta mpaka mlangoni kwake, akamfanya amwite kwa jina. 'Delphine, miguu yangu haikauki.' Kwenye barua miguu ililalamikiwa kwa watu wengine. Kwenye ndoto alimwambia yeye."

Nikamwuliza kama bado anataka jiwe.

"Sasa ndiyo nalitaka," akasema.

Tulikwenda kwa Lambert pamoja. Nilimsomea barua yote, barazani kwake, na sikuruka kitu. Alisikiliza amekunja mikono.

"Kwa hiyo alikuwa na mwanamke," akasema.

"Alikuwa naye," akajibu Tanti.

"Kwa hiyo bibi yangu alisema kweli."

"Alisema kweli, Lambert. Miaka yote. Nyumba yetu ndiyo iliyosema uongo."

Lambert alitikisa kichwa taratibu, akatazama mikono yake.

"Basi nitabeba," akasema. "Mtu alitaka aambiwe tu."

Nilimimina zege siku ya Alhamisi. Tanti alileta kiti akakaa karibu, anasimamia. Niliandika HOSEA LENDORE. Niliandika Carriacou, Colón, Taranto. Niliandika tarehe, na mkono wangu ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Akaniambia niongeze: MUME WA DELPHINE.

Nikasimamisha msumari. "Tanti, hilo ni kweli?"

"Imeandikwa. Albertina mwenyewe kaandika, 'Ana mke.' Unataka shahidi gani mwingine? Andika, linakauka."

Nikaandika.

Jiwe lilikaa nyumbani kwake siku tisa, kitandani, kama inavyotakiwa. Badala ya shuka alilifunika shati, jeupe, kifua inchi thelathini na nne, vifungo vyote vimekazwa. Jumamosi watu wakaja kutoka Windward mpaka Harvey Vale. Mbuzi wawili, ugali, mbaazi, wali uliofinyangwa madonge. Mchana kabla ya ngoma akawaandalia wafu sahani ya wazee chumbani, meza yenye kitambaa cheupe, mshumaa, glasi ya ramu, chakula kisicho na chumvi. Aliniita nimnyanyulie meza, ndiyo maana niliona. Kulikuwa na sahani mbili karibu karibu, kila moja na kijiko chake. Na kule mwisho wa meza, ukingoni kabisa, sahani ya tatu, ndogo, haina kijiko.

"Hiyo ya nani?" nikauliza.

"Alimpikia miaka minne," akasema. "Nani alimpikia yeye?"

"Mbona iko mbali?"

"Bibi yuko pale. Una wazimu?"

Lambert alilibeba jiwe kutoka mlangoni mpaka njia panda peke yake, hakutaka kupokewa, na mishipa ya shingo ilimsimama. Tukalilowesha kwa maji na ramu, tukaliweka pembeni ya la Delphine. Ngoma ikawaita Wakromanti, taifa la baba yake Hosea, na Tanti Ianthe akacheza raundi nzima, huku akiushikilia moyo wake kwa mkono mmoja.

Kesho yake asubuhi nilipita kwake, kama desturi, kuuliza. Ndiyo swali la kila mtu baada ya sadaka: nani amekuja ndotoni, amesema nini, ameshiba? Nilimkuta mlangoni na kahawa, ana uchovu mzuri usoni.

"Amekuja?"

"Babu hakuja. Nadhani amelala. Alikuja Bibi."

"Akasema nini?"

"Alisimama pale mezani. Akaniuliza sahani ile ya mwisho ni ya nani. Nikamwambia."

"Akakasirika?"

"Aliitazama kitambo." Tanti Ianthe akanywa kahawa yake. "Kisha akasema, 'Ungemwekea na kijiko.'"

Nilimtazama. Ni mjukuu wa Delphine, amelelewa katika nyumba ileile, na anajua habari ngumu hupitishwa mlango gani. Ningeweza kumwuliza kama aliota kweli. Mimi ndiye mtu wa tarehe na ushahidi, kila mtu anajua. Lakini nilipochungulia chumbani, meza ilikuwa bado haijaondolewa, na kwenye sahani ya tatu kulikuwa na kijiko.